Kupima au Kukadiria kwa Jicho? Somo la Kenchi kwa Kamati za Ujenzi



Katika toleo hili tunawaletea somo kwa ajili ya kamati za ujenzi. Linahusu jambo linaloonekana dogo: namna fundi anavyoamua mahali pa kukata mbao ya kenchi. Je, anapima, au anaangalia tu na kukata? Tumeona tulijadili kwa kirefu kwa sababu majengo mengi ya jamii zetu huanza kupata matatizo kwenye paa, na matatizo hayo huanza siku ya kukata mbao, kabla hata bati la kwanza halijapanda juu.

Somo hili linaweza kusomwa katika kikao cha kamati kwa muda wa saa moja. Tunashauri fundi wa usharika naye aalikwe, na aje na futi kamba yake.

KWA NINI PAA HUKATWA KWA HARAKA

Huku Ruanda na sehemu nyingine za mkoa wa Songwe kalenda ya ujenzi inafahamika. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka na mahindi huwa yametoka shambani. Baada ya mauzo ndipo ahadi za waumini zinapolipwa, na mara nyingi fedha za wafadhili nazo husubiri mchango wa wananchi ukamilike. Hivyo fedha ya mbao na bati hupatikana kuelekea mwisho wa msimu wa kiangazi. Mvua zinatarajiwa Novemba, na zikianza huendelea hadi Aprili. Kuta za tofali zilizosimama bila paa hazipendi mvua, na waumini wenyewe wanataka kwenda kupanda.

Basi kamati inamwambia fundi, "Fundi, fanya haraka." Fundi naye amepatana kazi nzima kwa bei moja, hakupatana kwa siku. Kila siku anayomaliza mapema ni faida kwake. Pengine futi kamba yake imekatika sentimita za mwanzo, au mchoro umeandikwa kwa milimita wakati mbao inauzwa kwa inchi na futi. Katika hali hiyo kukadiria kwa jicho kunakuwa njia nyepesi. Kwa hiyo tusimwite fundi mvivu. Mara nyingi ni sisi wenye kazi tuliompangia kazi kwa namna ambayo kupima kunamtia hasara.

JICHO LINA KAZI YAKE

Kabla ya kulaumu jicho ni haki kulipa heshima yake. Mzee fundi aliyefanya kazi hii miaka mingi huinua mbao, akafumba jicho moja na kuitazama kuanzia ncha moja hadi nyingine. Kwa sekunde chache anajua kama imepinda, imejisokota, au ina mgongo. Anajua mgongo huo uelekezwe juu ili uzito wa paa uunyooshe, badala ya kuuelekeza chini ukazidi kulegea. Anaona fundo kubwa lililokaa katikati, mahali ambapo mbao itavunjika. Anatenga mbao ya kenchi na mbao ya papi. Futi kamba haiwezi kufanya kazi hiyo.

Vilevile kenchi zikishasimama, jicho la fundi aliye chini likitazama juu ya uzi uliovutwa huona upesi kenchi moja iliyozama au kupanda.

Lakini kuchagua na kukagua ni kazi moja, na kukata ni kazi nyingine. Jicho hulinganisha vizuri vitu viwili vilivyo pamoja, ila halihifadhi urefu. Mbao ikiwa imelala chini na mahali pake pakiwa juu ya ukuta, fundi anabeba urefu kichwani mwake, na njiani urefu huo hubadilika. Kanuni tunayoipendekeza kwa kila kamati ni hii: jicho lichague na kukagua, kipimo kikate.

SENTIMITA MBILI HUZAA TANO

Tuchukue jengo la mfano, chumba cha chekechea chenye upana wa mita 6 kwa nje na urefu wa mita 9. Paa ni la mgongo wa tembo. Kileleni tunataka kimo cha sentimita 125 kutoka usawa wa mtambaa panya. Nusu ya upana ni sentimita 300. Kwa hesabu ya pembe mraba, mbao ya mteremko kutoka ukingo wa nje wa ukuta hadi kileleni itakuwa sentimita 325 kamili. Tukiongeza ukingo wa paa unaotokeza sentimita 36 nje ya ukuta, mbao nzima inakuwa sentimita 364.

Mbao ya futi 12 ina sentimita 365 na milimita 8. Yaani kipande chetu kinaingia katika mbao moja, na kinachobaki ni chini ya sentimita 2. Hapo hakuna nafasi ya kukadiria. Kamati inayotaka ukingo mpana zaidi, na kwa ukuta wa tofali mbichi hilo ni jambo jema, inapaswa kuamua kabla ya kununua, kwa maana itabidi kuunga mbao au kutafuta ndefu zaidi.

Sasa tuangalie fundi aliyekata kwa jicho akazidisha sentimita 2 tu kati ya ukuta na kilele: 327 badala ya 325, pande zote mbili. Kuta hazisogei, bado ni mita 6. Basi urefu uliozidi hauna pa kwenda isipokuwa juu. Kilele kinapanda kutoka sentimita 125 hadi 130. Sentimita 2 za msumeno zimezaa sentimita 5 za kilele! Na kenchi ya jirani ikikatwa pungufu kwa sentimita 2, yaani 323, kilele chake kinashuka hadi karibu 120. Kenchi mbili zinazofuatana zimepishana sentimita 10, wakati kila mbao ilikosewa kwa upana wa kidole kimoja tu.

Matokeo yake yanafuatana kama ifuatavyo. Papi zinapanda na kushuka. Bati halilali, linakaa juu ya papi moja na kuning'inia juu ya nyingine. Fundi analazimisha kwa msumari, bati linabonyea, na tundu la msumari linakuwa kubwa kuliko msumari wenyewe. Maji yanaingia. Mbao inalowa, inakauka, inalowa tena, na baada ya misimu kadhaa inaoza pale pale penye msumari. Mahali ambapo bati limeachama, upepo unapata pa kushika. Paa lililoezuliwa huitwa janga la asili katika taarifa zetu, lakini mengine yalianza kuezuliwa siku ya kukata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

MBAO MBILI ZILIZOPOTEA

Hili ni jambo la pili, nalo ni zito kwa kamati kuliko uvujaji.

Katika jengo letu la mfano kenchi zinasimama kila baada ya sentimita 150. Katika mita 9 kuna nafasi 6, kwa hiyo kenchi ni 7. Kila kenchi ina vipande viwili vya mshazari vya kusaidia mbao ya mteremko, kila kimoja sentimita 120. Jumla ni vipande 14.

Mbao moja ya futi 12 inatoa vipande vitatu: mara tatu 120 ni 360, na meno ya msumeno yanakula kama sentimita 1 hivi kwa kukata mara tatu. Inabaki karibu sentimita 5. Kwa vipande 14 tunahitaji mbao 5.

Fundi anayekadiria hujihami kwa kuzidisha kidogo, maana anajua kipande kifupi ni hasara. Anakata 123. Mara tatu 123 ni 369, na mbao haifiki hapo. Kipande cha tatu kinatoka kifupi, kinatupwa jikoni kwa mama wapishi. Sasa kila mbao inatoa vipande viwili tu, na kwa vipande 14 zinahitajika mbao 7.

Mbao mbili zimepotea, na hakuna mwizi. Lakini kikao kinapokaa, nani ataamini hivyo? Hesabu ilisema 5, zimetumika 7. Mtunza stoo anatazamwa kwa jicho baya. Mhazini anaulizwa risiti. Fundi anasema kamati ilinunua pungufu; kamati inasema fundi ameuza. Watu waliosali pamoja wanaacha kusalimiana. Katika ziara za ufuatiliaji tumekuta sharika ambako ujenzi umesimama, na ukichimba chini ya ugomvi unakuta swali la namna hii ambalo halikuwahi kujibiwa kwa hesabu. Kupima hulinda mbao, na pia hulinda jina la mtu mwaminifu. Tunaijua methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

MIFANO ILIYO KARIBU NASI

Wakulima wa Mbozi hawahitaji kufundishwa ubaya wa kukadiria. Wanaijua lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, mnunuzi anasema "ni gunia moja," na mkulima anapoteza jasho lake kwa sababu jicho limechukua nafasi ya mizani. Kama tunadai mizani ya haki sokoni, tusiikatae futi kamba kwenye paa la kanisa.

Wapo pia waliotembelea kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Urefu wake unafahamika, kama mita 3, kwa sababu unapimika kwa futi kamba. Lakini uzito wake utausikia ukitajwa kuwa tani 12, na kwingine tani 16, kwa sababu ni wa makadirio. Jiwe ni lile lile. Kinachotofautiana ni makadirio. Kimondo hakidhuriki kwa tofauti ya tani 4, ila jengo letu lingedhurika.

Mfano wa tatu ni reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inayopita mkoani kwetu kuelekea Tunduma na Zambia. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Reli zote mbili zilipimwa vizuri, ila kila moja kwa kipimo chake, na kwa sababu hiyo behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Ilibidi kuwe na mahali pa kuhamishia mizigo, kule Kidatu. Hapo tunajifunza kwamba kupima peke yake hakutoshi. Ni lazima wote wanaofanya kazi moja watumie kipimo kimoja.

Hata Maandiko yanagusa ufundi huu. Katika Kutoka sura ya 26, mbao za maskani zimepewa urefu wa mikono 10 na upana wa mkono mmoja na nusu, kisha zikahesabiwa: 20 upande wa kusini, 20 upande wa kaskazini. Hiyo ni orodha ya vipande kamili, kabla ya msumeno kuguswa.

KIPIMO SI NAMBA TU

Baadhi ya mafundi wazee wanatuambia, "Sisi tulijenga bila futi kamba na nyumba zinasimama." Wanasema kweli, lakini hawakujenga bila kipimo. Walitumia shibiri, dhiraa na pima, na walitumia kijiti kilichokatwa mara moja na kubebwa kutoka pembe moja hadi nyingine. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama Lamu na Unguja, vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti yenyewe ndiyo ilikuwa kipimo.

Hekima hiyo bado inatufaa, na ndiyo njia bora ya kutengeneza kenchi. Hatupimi mbao 14 mara 14 kwa namba. Tunapima moja kwa uangalifu mkubwa, na zile nyingine tunazichora kutoka kwa hiyo. Kenchi ya kwanza tunaiita kenchi mama.

Huundwa chini, mahali pa tambarare. Vuta uzi wa mita 6 na upigilie kigingi kila mwisho. Weka alama katikati, kwenye mita 3. Kutoka hapo panda kwa pembe mraba sentimita 125, piga kigingi cha kilele, na vuta uzi kutoka kileleni hadi pande zote mbili. Sasa kenchi nzima imechorwa chini kwa ukubwa wake halisi. Hata asiyejua hesabu anaweza kupima uzi wa mteremko na kuona 325. Kwa pembe mraba tumia kanuni ya tatu, nne, tano: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari ukiwa 100 basi pembe imekaa sawa.

Nguzo ya katikati na vipande vya mshazari vilazwe juu ya mchoro huo na kuchorwa pale pale vinapokutana na mbao nyingine, bila kupitia namba. Kipande kinachowekwa mahali pake na kuchorwa hakina nafasi ya kosa la kusoma.

Onyo moja kuhusu kenchi mama: kila kipande kichorwe kutoka kwa kile cha kwanza, wala kisichorwe kutoka kwa kilichokatwa mwisho. Unene wa mstari wa penseli ni kama milimita 2. Ukichora cha pili kutoka cha kwanza, cha tatu kutoka cha pili, na kuendelea hivyo, kufikia cha 14 umenakili mara 13, na milimita 2 zimekuwa 26. Tumeshaona sentimita 2 zinavyoinua kilele. Andikeni neno MAMA kwa rangi juu ya kipande hicho, na kisipigiliwe mpaka vingine vyote vimekamilika.

ANAYEPIMA NAYE ANAWEZA KUKOSEA

Futi kamba mkononi haileti usahihi yenyewe. Yapo makosa yanayojirudia, na ni vyema kamati iyajue.

La kwanza ni futi kamba mbili zisizolingana. Ile ndoano ndogo ya chuma iliyo mwanzoni hutikisika kidogo kwa makusudi, kiasi cha unene wake, ili kipimo cha ndani na cha nje viwe sawa. Ikipindika au ikipigwa nyundo ili "isilegee", futi kamba hiyo inadanganya. Lazeni futi kamba zote za mafundi sambamba juu ya mbao moja na mlinganishe mita 3. Isiyolingana iwekwe kando.

La pili ni futi kamba iliyokatika mwanzo. Fundi anaanzia kwenye sentimita 10 na kukusudia kutoa 10 mwishoni. Akisahau, kipande kinatoka kifupi kwa sentimita 10. Mbao iliyokatwa fupi ni kama maji yaliyomwagika.

La tatu ni kuchanganya inchi na sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54. Mbao inunuliwe kwa inchi na futi kama soko linavyotaka, lakini kazini kila kitu kisomwe kwa sentimita, na wote wasome upande huo mmoja wa futi kamba.

La nne ni kukata juu ya mstari. Msumeno unakula upana wa meno yake. Fundi akate upande wa kipande kinachotupwa, mstari ubaki ukionekana kwenye kipande kinachotumika.

La tano ni kupima mchoro badala ya jengo. Ukuta uliojengwa kwa nguvu za waumini unaweza kuwa na mita 6 mwanzoni na mita 6 na sentimita 4 katikati. Pimeni upana wa kuta mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kuunda kenchi mama. Pimeni pia mishazari miwili ya jengo kwa kamba, pembe kwa pembe. Kwa jengo la mita 6 kwa 9 kila mshazari uwe karibu mita 10 na sentimita 82. La muhimu zaidi ni kwamba ile miwili ilingane. Kazi hii inaweza kufanywa na mama yeyote wa kamati na kamba yake, bila hesabu.

La sita ni kuamini jina la mbao. Mbao inayoitwa 2 kwa 4, hasa ya msindano iliyonunuliwa mbichi, inapokauka hupungua unene na upana, na inaweza kujipinda. Urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo pimeni mbao iliyo mbele yenu siku ya kununua na tena siku ya kukata, na zipangeni kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.

HATUA SABA KWA KAMATI

1. Kamati inunue futi kamba moja ya chuma, iwe mali ya usharika na iandikwe kwenye daftari la mali. Vipimo vyote vya kazi vilinganishwe na hiyo.

2. Kabla ya kununua mbao, kamati na fundi waandike orodha ya vipande: jina la kipande, idadi, urefu, na vipande vingapi vinatoka katika mbao moja. Ukurasa mmoja unatosha.

3. Kuta na mishazari ipimwe, na vipimo viandikwe na kusainiwa na fundi pamoja na mjumbe mmoja.

4. Kenchi mama iundwe chini na kukaguliwa na kamati kabla ya kukata kipande kingine chochote.

5. Kila anayepima awe na mwenzake wa kushika ncha ya pili na kurudia namba kwa sauti. Vijana wa usharika wapewe kazi hii, nao watajifunza ufundi.

6. Nafasi za kenchi juu ya ukuta zipimwe zote kutoka mwisho mmoja: 150, 300, 450, na kuendelea hadi 900. Zisipimwe kutoka kenchi hadi kenchi, maana kosa la sentimita 1 kila mara hufika sentimita 6 mwishoni.

7. Kila jioni mtunza stoo aandike mbao zilizotoka, vipande vilivyopatikana, na vilivyobaki. Mabaki yatunzwe hadi mwisho wa kazi. Vipande vifupi hutumika kuunganishia.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu zetu mnaotusaidia, somo hili linawahusu pia. Katika bajeti nyingi tunaona mbao, bati, misumari na ujira wa fundi. Ni nadra kuona siku mbili za kupanga na kupima. Siku hizo zikikosekana kwenye karatasi, zitakosekana pia kwenye jengo. Tunaomba bajeti za mapaa ziwe na mstari huo, na fundi alipwe kwa siku za kuunda kenchi mama mbali na bei ya kazi nzima. Katika mfano wetu tumeona kwamba vipande vya mshazari peke yake vinaweza kuokoa mbao 2. Siku mbili za ujira zinarudi zenyewe.

Tunaomba pia ratiba ya kutuma fedha iangalie mvua zetu. Fedha inayofika Oktoba mwishoni huzaa paa la haraka. Fedha ile ile ikifika Agosti huzaa paa lililopimwa.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NA FUNDI

Mwisho, tuwe na busara. Fundi aliyezoea jicho lake, hasa akiwa mzee wetu, asiaibishwe mbele ya vijana. Asiambiwe, "Mzee, hujui." Tunaweza kumwambia, "Mzee, tunaomba ututengenezee kenchi mama, ili vijana wajifunze kwako." Kwa njia hiyo jicho lake la kuchagua mbao linabaki na heshima, na mkono wake unaongoza futi kamba. Kijana naye anaondoka na elimu mbili badala ya moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika jengo letu la mwisho, mbao zilizonunuliwa zililingana na zilizotumika? Kama hazikulingana, tuna daftari la kueleza kwa nini?

2. Fundi wetu analipwa kwa namna gani? Malipo hayo yanamsaidia kupima au yanamharakisha?

3. Ni nani katika kamati anayeweza kupima mishazari ya jengo? Tumjaribu leo hii kwenye kanisa letu.

4. Paa letu linavuja wapi? Twende nje, tusimame mwisho wa jengo, tutazame kilele kwa jicho moja. Limenyooka?

5. Tunaanza lini maandalizi ili paa la mwaka huu lisikatwe kwa kukimbizana na mvua?

Tunaziomba kamati zitakazotumia somo hili zituletee orodha ya vipande vyao pamoja na taarifa ya robo mwaka, ili sharika nyingine zijifunze.